Kuacha kulipa si kusitisha mkataba

Mama mmoja wa Tabata alinipigia simu, sauti imejaa uchungu. Kampuni iliyomfungia faiba, ile intaneti ya waya inayofika hadi nyumbani, inamdai pesa ya ruta, na ruta anayo, iko juu ya kabati ndani ya mfuko. "Mwanangu, mimi si niliacha kulipa tangu mwezi wa tatu? Na intaneti yao ikakatika palepale. Sasa wananidai nini?"

Kazi yangu ni kufunga faiba majumbani hapa Dar es Salaam, na swali hilo naulizwa kila mara. Laini za simu zimetuzoesha hivyo: bando likiisha usiponunua jingine, hakuna wa kukufuata. Faiba ya nyumbani ina mambo mawili. Kuna kifurushi unacholipia kila mwezi, na kuna mkataba uliosaini siku ile fundi yuko juu ya ngazi na wewe unasubiri tu intaneti iwake. Kifurushi kikiisha, intaneti inakata. Mkataba unabaki palepale. Na ile ruta ya "bure" mara nyingi ni mali ya kampuni, umeachiwa uitumie muda wote wa mkataba.

Nikamwomba autafute mkataba aangalie vipengele vitatu: muda wake, taarifa ya kuondoka inatakiwa siku ngapi kabla, na kifaa ni cha nani. Kisha aandike barua pepe. Simu ya huduma kwa wateja haitoshi, kwa sababu ukibishiwa baadaye huna cha kuonyesha.

Nilipita kwake jioni. Ndani ya mfuko ruta ipo, lakini adapta iliyofungwa nayo ni ya redio, imeandikwa 9V, na ruta ile inataka 12V. Adapta halisi ya ruta ilikuwa imechomekwa kwenye king'amuzi cha wajukuu. Angeirudisha vile, angeandikiwa kwamba kifaa ni pungufu. Halafu nikageuza ruta tukasoma karatasi iliyobandikwa chini yake. Hapo pana namba ya kifaa, na mara nyingi herufi nne za mwanzo zinamtaja mtengenezaji: HWTC ni Huawei, ZTEG ni ZTE. Ghala la kampuni limejaa ruta nyeupe zinazofanana, na hiyo namba ndiyo inayotofautisha ya kwako na ya jirani. Ipige picha siku unayofungiwa, na siku ya kurudisha hakikisha imeandikwa kwenye karatasi ya mapokezi, yenye tarehe na muhuri.

Picha zinasaidia hata huduma ikisumbua. Kabla hujapiga simu, tazama taa za ruta na uzipige picha. Iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga wa faiba haufiki kwenye kifaa. Kuzima na kuwasha hakutasaidia: ama waya umekatika njiani, ama umekunjwa. Tazama nyuma ya kochi na kwenye bawaba za mlango, maana kiini cha ule uzi wa kioo ni mikroni 9 tu (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na ukiukunja sana mwanga unavuja. Kichwa chake cha kijani usikiguse ncha. Mafuta ya kidole yanatosha kuharibu mawasiliano. Fundi akija, mwombe akuonyeshe kipimo cha nguvu ya mwanga, kinachosomwa kwa dBm. Kwa vifaa vingi vya majumbani, kikishuka chini ya -27 dBm, kifaa kinaanza kupoteza mwanga, na hapo umepata ushahidi kwamba tatizo ni la njia, si la matumizi yako.

Taa ya PON, inayoonyesha kifaa kimeungana na kampuni, ikiwa imetulia kijani na LOS imezimika, njia ni nzima. Tafuta kosa kwenye Wi-Fi, kwenye malipo, au huko mbele kwa kampuni. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom, zinazotuletea intaneti, zilipokatika, taa za majumbani zilikuwa za kijani kama kawaida. Tafadhali sana, siku kama hiyo usichokonoe kile kitundu cha reset. Kinafuta mipangilio yote, na intaneti ya wenzako ikirudi, ya kwako inaweza kubaki imekufa hadi fundi aje.

Malalamiko yaanzie kwa kampuni, na udai namba ya lalamiko. Wasipolimaliza, nenda nayo TCRA, mamlaka ya serikali inayosimamia mawasiliano, pamoja na barua pepe na picha zako. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kumsemea mtumiaji. Watu wengi wanaishia kulipa deni lisilo lao kwa kuona aibu kufika huko, na hilo linaniuma sana.

Yule mama alikwenda mwenyewe ofisini kwao, ruta mkononi, adapta ya 12V ndani ya boksi. Kijana wa mapokezi akataka kuandika "ruta moja" tu. Mama akavaa miwani, akageuza kifaa, akamsomea namba herufi kwa herufi mpaka ya mwisho, ndipo akaomba muhuri.