Ngamia wa Vita vya India Hakuwa Farasi Mwenye Nundu

Nimetumiwa tena ile video. Ngamia mia hivi wanatimua vumbi jangwani, wapandaji wamefunga vilemba vyekundu, panga ziko juu, na chini yake pana maelezo kwamba hivi ndivyo majeshi ya Rajasthan, nchi ya jangwa kaskazini-magharibi mwa India, yalivyovunja safu za adui. Safari hii aliyenitumia ni mwalimu mwenzangu wa historia, mtu ninayemheshimu, na ndiyo sababu naandika kwa kirefu badala ya kumjibu kwa sentensi mbili kama nilivyozoea. Kazi yangu ni historia ya wanyama wa majeshi ya Asia Kusini: farasi, tembo, maksai na ngamia. Kati ya wote hao, anayesingiziwa zaidi ni ngamia.

Kwanza nimalizane na wale wanaosema ngamia ni wa Waarabu na Wahindi walikuwa na tembo wao. Rigveda, mkusanyo wa kale wa nyimbo takatifu za Wahindu, inamtaja ngamia. Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika habari za Wahindi wanaopanda ngamia majike wenye mbio kwenda kuchukua mchanga wa dhahabu unaofukuliwa na sisimizi wakubwa kuliko mbweha. Sisimizi waacheni. Kilicho muhimu ni kwamba hata msimulizi wa mbali, aliyeko upande wa pili wa dola ya Uajemi, alijua India kuna ngamia wa kupandwa. Basi, hilo limekwisha.

Sasa hili la panga. Mpandaji wa ngamia amekaa juu mno. Upanga wake haumfikii vizuri askari wa miguu, na akijipinda kumfikia anajihatarisha kuanguka. Ngamia hageuki haraka kama farasi. Umati wa watu wanaopiga kelele na kuchoma mikuki hauendei kwa hiari yake. Mtaniambia habari ya Cyrus wa Uajemi, aliyewatanguliza ngamia mbele ya farasi wa Croesus, mfalme wa Lydia, farasi wakakimbia kwa ile harufu. Sawa. Lakini farasi wale walikuwa hawajazoea ngamia. Katika Marwar au Sindh, nchi za kandokando ya jangwa la Thar, farasi alizaliwa, akala na kunywa maji mahali pamoja na ngamia. Hila hiyo ingemshtua nani?

Kazi ya ngamia ilikuwa kubeba. Ngamia mzuri wa mizigo hubeba kilo 150 hadi 200 siku baada ya siku, akipita mahali ambapo gari la maksai linazama mchangani. Bila yeye hakuna jeshi linalovuka jangwa la Thar. Sultani Mahmud wa Ghazni, kule Afghanistan ya leo, alipokwenda kwenye hekalu la Somnath mwaka 1025 alivuka na maelfu ya ngamia waliobeba maji, na hao ndio waliomfikisha. Uvamizi wa Sindh chini ya jemadari Mwarabu Muhammad bin Qasim, mwaka 711 na 712, unasimuliwa na Chachnama, kitabu cha historia ya Sindh, kuwa ulikuwa na wapanda farasi 6,000, wapanda ngamia 6,000, na ngamia 3,000 wa mizigo wenye nundu mbili. Vitabu vya shule huzinakili tarakimu hizo kama risiti ya duka. Mimi zinanitia wasiwasi: ni nadhifu mno, na maandishi ya Kiajemi tuliyo nayo ni ya karne ya 13, miaka mia tano baada ya tukio. Ila mpangilio wake nauamini: hata kwa mwandishi huyo, jeshi la kwenda Sindh lilitakiwa kuwa na ngamia wengi kama farasi, au zaidi.

Abu'l Fazl, mwandishi wa Akbar, mfalme wa Wamughal waliotawala kaskazini mwa India, aliwapa ngamia nafasi ya kutosha katika Ain-i-Akbari, kitabu chake cha taratibu za dola hiyo: vyakula vyao, mafuta ya kuwapaka, mapambo yao, mishahara ya wanaowatunza. Anasema wenye mbio wanatoka Ajmer, na wa mizigo walio bora wanazaliwa Thatta, kule Sindh. Anawataja pia Raibari, wafugaji waliowafundisha ngamia mwendo wa kumeza masafa, na wachache wao wakawekwa tayari kasrini ili barua za mfalme zisilale. Nipeni karani mmoja wa aina hii, nitawaachia wachoraji kumi.

Naja kwenye zamburak, maana hapa ndipo barua za wasomaji hunijia nyingi na hapa ndipo subira inaponiishia. Zamburak ni mzinga mdogo uliofungwa kwenye tandiko la ngamia juu ya kiungio kinachozunguka. Risasi yake ilikuwa nzito kuliko ya bunduki ya bega na nyepesi kuliko ya mzinga wa magurudumu. Wamughal waliitumia, Waajemi, Waafghani, na baadaye jeshi la Ranjit Singh, mfalme wa Masingasinga kule Punjab. Watu wanaamini kwamba ngamia alikuwa anakimbia huku mzinga unalipuka mgongoni mwake, kama kifaru cha kisasa. Wananiletea ushahidi wa aina mbili: picha za kuchorwa, na François Bernier.

Tuanze na Bernier, yule daktari Mfaransa aliyeishi India katika siku za mwanzo za utawala wa Aurangzeb, mfalme wa Wamughal. Akisimulia vita vya Samugarh vya mwaka 1658, anasema Dara Shukoh, kaka yake Aurangzeb na mshindani wake wa kiti cha ufalme, alikuwa na ngamia wepesi waliofungiwa mizinga midogo, namna ile mizinga ya kuzunguka inavyofungwa kwenye majahazi, na kwamba mtu aliyekaa nyuma ya mnyama angeweza kushindilia na kupiga bila kushuka. Bila kushuka! Hapo msomaji wangu anashangilia. Lakini soma tena pole pole. Mpigaji hashuki kutoka kwenye ngamia. Hilo halisemi kwamba ngamia amesimama, sembuse kwamba anakimbia. Ngamia akipigishwa magoti, mtu hubaki palepale tandikoni, mzinga ukiwa chini zaidi, tandiko limetulia juu ya mwili uliolala ardhini, na kushindilia baruti kunawezekana bila kumwaga nusu yake. Tena Bernier mwenyewe hakuwepo Samugarh. Alikutana na Dara mwaka uliofuata, Dara akiwa ameshashindwa na yuko mbioni. Anachotusimulia kuhusu siku ile alisimuliwa.

Kuhusu picha, mchoraji wa kasri hakulipwa ili aonyeshe ngamia aliyepiga magoti, mguu wa mbele umekunjwa na kufungwa kamba asiinuke kwa mshtuko. Alilipwa aonyeshe utukufu. Ngamia akisimama anaonekana, mpigaji anaonekana, moshi unaonekana. Sikatai kwamba wapo waliopiga ngamia akiwa amesimama, hasa kwa kuwatisha waliokuwa wanakimbia. Nakataa kwamba hiyo ilikuwa kanuni. Ukilenga kutoka juu ya mnyama anayeyumba, hulengi kitu.

Basi faida ya zamburak ilikuwa nini? Ilikuwa kufika. Mzinga mkubwa wa karne ya 18, ukishavutwa na maksai hadi mahali pake asubuhi, hapo ndipo utakapolala. Katika vita vya Panipat, kaskazini mwa Delhi, tarehe 14 Januari 1761, Wamaratha, dola ya Wahindu kutoka magharibi mwa India, walikuwa na mizinga mizito na kikosi cha Ibrahim Khan Gardi, kilichofundishwa kwa mtindo wa Kifaransa. Asubuhi kiliwaumiza sana Waafghani. Ahmad Shah Abdali, mfalme wa Waafghani, alikuwa na ngamia wa zamburak, takriban 2,000 kwa masimulizi yaliyotufikia, na aliweza kuwasogeza kule vita vilikokuwa vinaelekea. Mchana, safu za Wamaratha zilipokuwa zimechoka na kusongamana, ngamia wale walifikishwa karibu, wakapigishwa magoti, wakamwaga moto. Ngamia alibeba, akafika, akalala chini. Ushindi ulitoka kwenye hatua tatu hizo, na hakuna hata moja inayopendeza kwenye video.

Kuna jambo moja linalonisumbua na silioni likijadiliwa. Ngamia dume huingia katika joto la kupandana wakati wa baridi. Hutoa povu mdomoni, huuma, hukataa chakula na humsahau bwana wake. Na majira ya vita kaskazini mwa India ni hayohayo ya baridi: vita vya Karnal, Nader Shah wa Uajemi dhidi ya Wamughal, vilikuwa Februari 1739, vya Panipat Januari. Madume mamia kwa mamia, baruti mgongoni, katikati ya msimu wao. Wafugaji wa Marsabit na Garissa wanaosoma hapa wanaelewa ninachosema. Waandishi wa vita vile walikuwa watu wa kalamu, hawakuliona hilo kuwa la kuandikwa, nasi tunazirudia hesabu zao kana kwamba kila ngamia kwenye orodha alikuwa tayari kutii.

Hadithi za moto nitazipitia upesi. Inasimuliwa kwamba Timur, mvamizi kutoka Asia ya Kati, mbele ya Delhi mwaka 1398, aliwapakia ngamia majani makavu, akayawasha, wakawakimbilia tembo wa Sultani Mahmud. Clavijo, balozi wa Castile, ndiye aliyeieneza, naye alifika Samarkand, mji mkuu wa Timur, miaka sita baadaye. Wanahistoria wa jamaa ya Timur wanazungumza zaidi juu ya mahandaki na nyati waliofungwa pamoja. Kisha hadithi ya sura hiyohiyo, ngamia wenye moto dhidi ya tembo, inasimuliwa juu ya Nader Shah kule Karnal. Hadithi inapojirudia baada ya miaka mia tatu na zaidi, mimi huongeza tahadhari.

Waingereza walipochukua nafasi ya Wamughal waliwahitaji ngamia zaidi, na waliwaua zaidi. Jeshi lililokwenda Kabul mwaka 1839 liliondoka na ngamia wapatao 30,000. Katika vita vya pili vya Afghanistan, 1878 hadi 1880, makadirio ya waliokufa yanapita 60,000. Hawakufa kwa risasi. Ngamia wa tambarare za Sindh na Punjab alipelekwa kwenye baridi ya milimani, akala mimea asiyoijua, akapewa mzigo kupita kiasi, na akatunzwa na mtu ambaye hajawahi kumshika ngamia kwa sababu sarwan wake, yaani mtunzaji wake, alishatoroka. Ngamia anahitaji saa sita au zaidi za kula kwa siku, kisha muda wa kucheua. Ofisa aliyepanga safari kwa saa ya farasi alimuua polepole huku akimlaumu kwa ukaidi.

Palikuwa pia na surra, homa inayoenezwa na inzi wakubwa wanaouma baada ya mvua. Mwaka 1880, kule Dera Ismail Khan, daktari wa mifugo Griffith Evans aliona vijidudu vyake kwenye damu ya farasi na ngamia. Ni ndugu wa karibu wa vijidudu vya ndorobo vinavyoua ng'ombe wetu, na ndio waliokuwa wa kwanza katika jamii yao kutambuliwa kuwa chanzo cha ugonjwa. Ngamia wa majeshi ya India wana sehemu katika tiba ya mifugo ya Afrika Mashariki, na sijaona kitabu cha vita kinachowapa sifa hiyo.

Kikosi cha ngamia cha Bikaner, ufalme wa jangwani kule Rajasthan, kiitwacho Ganga Risala, kiliundwa mwaka 1889 na kubeba jina la Maharaja Ganga Singh. Wanaomsifu kwa kukiunda wakumbuke kwamba alikuwa mtoto wa miaka minane na baraza ndilo lililotawala kwa niaba yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 kilipelekwa Somaliland kupigana na Wasomali wa Sayyid Mohammed Abdullah Hassan, watu ambao nao walijua ngamia tangu tumboni. Novemba 1914 doria yake ilipambana karibu na Bir el Nuss, mashariki ya mfereji wa Suez. Hapo pia kazi ilikuwa doria, upelelezi na kufika kwenye visima. Baada ya uhuru kiliunganishwa na kile cha Jaisalmer, kikaingia katika jeshi la India. Siku hizi ngamia mnaowaona Delhi kwenye gwaride la 26 Januari ni wa kikosi cha ulinzi wa mipaka.

Waliomjua ngamia kwa dhati hawakuwa maofisa. Ni Raika, au Rabari, walewale Raibari wa Abu'l Fazl. Wanasimulia kwamba Parvati alifinyanga mnyama wa udongo mwenye miguu mitano, Shiva akausukuma mguu wa tano juu, ukawa nundu, akampulizia uhai, kisha akamuumba Raika wa kwanza kumchunga. Katika utenzi wa Pabuji, unaoimbwa usiku kucha mbele ya turubai lililochorwa, shujaa huyo anawaleta ngamia kutoka Lanka ili kutimiza ahadi ya zawadi ya arusi kwa mpwa wake, na mpelelezi wake ni Harmal Raika. Kwa mapokeo yao ngamia jike hauzwi, nyama yake hailiwi, na maziwa yake hutolewa bure. Mtu anayewaita "wachunga ngamia tu" ajue kwamba ukoo wa mnyama kwa upande wa mama wanao kichwani, vizazi kwa vizazi.

Mwaka 1977 India ilikuwa na ngamia wapatao milioni 1.1. Sensa ya mifugo ya 2019 iliwakuta takriban 250,000. Trekta na barabara ni sababu mojawapo. Mifereji ni nyingine: Ganga Singh yuleyule alifungua mfereji mwaka 1927 uliogeuza jangwa la Bikaner kuwa mashamba, na mkubwa zaidi ukafuata. Malisho yakalimwa. Mwaka 2014 Rajasthan ilimtangaza ngamia kuwa mnyama wa jimbo, na mwaka 2015 ikapitisha sheria ya kuzuia asichinjwe wala kutolewa nje ya jimbo kiholela. Nia ilikuwa njema. Lakini mfugaji aliishi kwa kuuza madume. Soko likafungwa, bei ikaporomoka, na vijana wa Raika wakaenda kutafuta kazi mijini. Upande wa Gujarat, tangu 2019, maziwa ya ngamia wa Kutch yanauzwa kwa chupa madukani. Wazee kadhaa wa Raika wamelipinga jambo hilo kwa nguvu, na watoto wao ndio wanaokamua.