Je, wajua? "Lakshmi" wa Pompeii huenda si Lakshmi

Mwaka 1938, wachimbaji wa mwanaakiolojia Amedeo Maiuri walifukua vipande vya pembe ya ndovu katika nyumba moja ya Pompeii, Italia, kando ya barabara ya Via dell'Abbondanza. Vilipounganishwa, kikatokea kisanamu cha mwanamke, kimo chake karibu sentimita 25, na uchongaji wake ni wa Kihindi waziwazi. Mlima Vesuvius ulilipuka mwaka 79 BK na kuufukia mji huo, kwa hiyo kilikuwa kimeshafika kabla ya hapo. Kikaitwa Lakshmi, mungu wa kike wa neema na utajiri, na jina hilo limeng'ang'ania hadi leo.

Lakini Lakshmi ana alama zake. Hushika yungiyungi au hukaa juu yake, na mara nyingi tembo wawili humwagia maji. Hapa hakuna yungiyungi wala tembo. Mwanamke huyu yuko uchi, amepishanisha miguu, mkono mmoja ameupeleka nyuma. Bangili zimepangana mkononi, vikuku vimepanda kutoka vifundoni kuelekea magotini, mkanda wa vito umezunguka kiuno. Kila ubavu amesimama mtumishi mdogo mwenye chombo cha vipodozi. Ni mwanamke anayepambwa, na hakuna dalili ya ibada. Wataalamu wengi sasa humwona kuwa yakshi, roho wa kike wa miti na rutuba, wa jamii moja na wale waliochongwa kwenye malango ya Sanchi, India ya kati. Wapo wanaomfananisha na Venus, mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi, akihudumiwa na watoto. Hoja inavutia, ila ushahidi wake ni mwembamba, kwa sababu wanawake wenye wahudumu walikuwa tayari wamejaa katika sanaa ya India yenyewe.

Ushahidi mzito zaidi uko utosini. Kichwa kimetobolewa, na tundu linashuka wima ndani ya pembe. Fundi hatoboi kitu alichokwisha kukichonga kwa ustadi namna hii bila sababu: hutoboa ili kipokee kitu kingine, kama mpini wa kisu unavyotobolewa ili mkia wa chuma uingie na kushika. Basi kisanamu kilikuwa sehemu ya kifaa. Wengine husema kilikuwa mpini wa kioo cha kujitazamia, na vyombo vya vipodozi vinawaunga mkono. Wengine husema ni mguu wa meza ndogo, nami naegemea huko, kwani kwenye kitako chake pana herufi ya Kharosthi, mwandiko wa kale, na mafundi samani huweka alama kama hizo ili kujua kipande kipi kinakaa wapi.

Herufi hiyo inatatiza swali la asili. Kharosthi iliandikwa kaskazini-magharibi, upande wa Pakistani na Afghanistan za leo, ilhali visanamu vinavyofanana nacho zaidi vimepatikana Bhokardan na Ter, katika jimbo la Maharashtra, India. Huenda kilichongwa kusini kikapitia mikono ya kaskazini, mjadala haujafungwa.

Safari yake hadi Italia ndiyo rahisi kueleza, hasa kwa watu wa pwani. Merikebu ziliondoka bandari za Misri kwenye Bahari ya Shamu mnamo Julai, zikasukumwa na kusi hadi India, zikarudi na kaskazi kuanzia Desemba. Mzigo ulibebwa na ngamia hadi mto Nile, ukashuka Aleksandria, kisha ukavuka hadi bandari ya Puteoli, jirani na Pompeii. Plinio Mkubwa, mwandishi Mroma aliyekufa katika mlipuko uleule wa Vesuvius, alilalamika kwamba India ilikuwa ikiifyonza dola ya Roma sesterti (sarafu za Kirumi) milioni 50 kila mwaka. Na Periplus, mwongozo wa Kigiriki wa karne ya 1 unaoeleza safari hizo za India, unaitaja pia Rhapta, soko la mwisho kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki, na pembe za ndovu zilizotoka huko kwa wingi.