Mfupa wa Mkono Umevunjika: Kiwiko cha Mtoto Nacho Kimetazamwa?

Mwanangu wa miaka sita ameanguka kutoka kwenye mwembe. Nimeambiwa mfupa mmoja wa mkono umevunjika. Mbona unaniuliza habari za kiwiko?

Kwa sababu kati ya kiwiko na kifundo cha mkono kuna mifupa miwili iliyoshikana juu na chini. Mmoja, ulna, uko upande wa kidole cha mwisho. Wa pili, radiasi, upande wa kidole gumba. Ulna ikivunjika na kupinda, inafupika, na mwenzake uliobaki mzima unakosa nafasi, kwa hiyo kichwa chake, yaani ncha yake ya juu, huchomoka kwenye kiwiko. Giovanni Battista Monteggia, daktari wa upasuaji wa Milano nchini Italia, alieleza jeraha hili mwaka 1814, miaka 81 kabla ya eksirei kugunduliwa. Leo picha tunazo, na bado watoto wanarudishwa nyumbani kiwiko kikiwa kimeteguka. Hilo linaniuma, maana likigunduliwa siku ileile mara nyingi hutibika vizuri sana.

Linapitwaje kama picha imepigwa?

Mara nyingine picha imeishia katikati ya mkono, kiwiko hakimo. Mara nyingine ulna ya mtoto haikukatika. Imepinda tu, kama kijiti kibichi, na anayetafuta ufa haoni kitu. Halafu kuna jicho kuridhika: limeona mfupa uliovunjika, halitafuti zaidi.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Daktari huchora mstari mnyoofu kupita katikati ya radiasi. Mstari huo sharti uguse kile kinundu cha mviringo kilicho mwisho wa mfupa wa juu wa mkono, picha iwe ya mbele au ya pembeni. Ukipita kando, kiwiko kimeteguka. Mzazi, una haki ya kuuliza kwa upole: "Daktari, kiwiko na kifundo vyote vimo kwenye picha? Picha ya pembeni ya kiwiko ipo?"

Lazima apasuliwe?

Watoto wengi hawapasuliwi. Mtoto hupewa dawa ya usingizi, daktari akanyoosha ulna kwa mikono, na mara nyingi kichwa cha radiasi hurudi chenyewe mahali pake. Kisha hufungwa plasta ngumu, lile hogo, kupita kiwiko hadi mkono wa juu. Kama kichwa kilichomokea mbele, ambayo ndiyo hali ya kawaida kwa watoto, kiwiko hukunjwa nyuzi 90 au zaidi kidogo na kiganja kutazama juu. Ulna ikiwa imekatika kabisa, huenda ikahitaji waya mwembamba ndani yake, au bamba na skrubu ikiwa imekatika mshazari au kusagika.

Hogo hukaa wiki 4 hadi 6. Msikose eksirei za kila wiki katika wiki 2 au 3 za mwanzo, hata mtoto akiwa anacheza bila kulalamika, kwani mfupa unaweza kuteleza tena humo ndani.

Bibi yake anataka apelekwe kwa fundi wa kuunga mifupa.

Namheshimu bibi, na najua hospitali ni mbali na ni gharama. Lakini vidole havioni kichwa cha radiasi kimekaa wapi, na mabanzi yakikazwa mno hukata damu. Tena siku zinahesabika. Baada ya wiki 3 au 4 ni vigumu kukirudisha kwa mikono. Hapo hubaki upasuaji mkubwa wa kuikata ulna na kuinyoosha upya. Kikiachwa nje, miaka ikipita kiwiko huenda kisikunjike sawasawa, kikaelekea nje na kuuma.

Njiani nimfanyie nini?

Usiuvute mkono. Uegemeze kwenye kadibodi kama ulivyo, uning'inize kwa khanga, vua bangili na nyuzi. Asile wala kunywa hadi aonwe.

Akishafungwa hogo, niogope nini?

Maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Mtoto akilia kila ukimnyoosha vidole, vidole vikipoa, vikififia au kufa ganzi, rudi usiku huohuo, usingoje kesho. Misuli iliyobanwa ikakosa damu huanza kufa ndani ya saa chache. Hogo lifunguliwe hata kama litafungwa tena.

Akishindwa kuinua kidole gumba au kunyoosha vidole, mwambie daktari: huenda neva, mshipa wa fahamu, imevutika. Hiyo kwa kawaida hupona yenyewe kwa wiki au miezi.

Likitolewa, nimkande kwa maji ya moto?

Usimkande wala kumkunja kwa nguvu. Kiwiko kinacholazimishwa huzidi kukakamaa, pengine hata kuota mfupa ndani ya misuli. Mpe kikombe akifikishe mdomoni mwenyewe, avae shati mwenyewe, achore chini kwa kijiti. Kupanda miti kusubiri ruhusa ya daktari.