Sista, leseni yako iko wapi? Maswali kuhusu sheria ya wauguzi na kwa nini irekebishwe

Cheti na leseni si kitu kimoja?

La. Cheti kinatoka chuoni, tuseme KMTC ya Kisumu au ya Nakuru, na hakina siku ya kuisha. Leseni hutolewa na Baraza la Wauguzi la Kenya kwa aliyefaulu mtihani wake na kusajiliwa. Hiyo ina tarehe ya mwisho, na anayetaka kuihuisha lazima aonyeshe kwamba ameendelea kusoma. Aliyehitimu zamani kisha akaenda kufuga samaki miaka kumi, cheti chake bado ni halali na bado kiko ukutani. Ruhusa ya kumgusa mgonjwa ndiyo hana.

Lakini sindano si ni sindano tu?

Hapo ndipo watu wengi huumia. Kwenye makalio kunapita mshipa mkubwa wa neva unaoshuka hadi mguuni. Mtoto mchanga hana nyama ya kutosha ya kuukinga, kwa hiyo aliyefundishwa humdunga pajani, upande wa nje. Asiyejua humdunga takoni, na wiki chache baadaye mama anaona unyayo unaburuta.

Au chukua mama mjamzito ambaye presha imempanda karibu na kifafa cha mimba. Hupewa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia kifafa hicho. Kabla ya kila dozi muuguzi huhesabu pumzi zake. Zikiwa chini ya 16 kwa dakika, dozi inasimama. Hugonga goti aone kama mguu unaruka. Hupima mkojo. Huweka karibu kalsiamu glukoneti, dawa ya kuizima, kwa sababu magnesiamu hiyohiyo inayookoa, ikizidi, hukata pumzi. Kwa anayetazama ni sista anachoma sindano tu.

Sheria si ipo? Ya nini kuigusa?

Ipo: Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257. Mzizi wake ni wa 1983, ingawa imerekebishwa tangu hapo. Enzi hizo matroni aliwajua wauguzi wake wote kwa majina. Leo kuna kliniki ya chumba kimoja mtaani Kondele, Kisumu, kuna muuguzi wa kukodi anayemtunza mzee nyumbani Milimani, kuna ushauri wa simu. Tangu ugatuzi wa 2013 kila kaunti inaajiri watu wake, na anayefukuzwa huku anaweza kuvuka mpaka akaanza upya kule.

Mimi ningetaka sheria imbane mwajiri kwanza: akague rejista kabla ya zamu ya kwanza, na akimwondoa mtu kwa kuhatarisha wagonjwa, Baraza lijue. Muuguzi anayeripoti makosa ya mwenzake naye alindwe. Anayeshtakiwa asikilizwe kabla ya kunyang'anywa leseni. Haki hiyo iko katika Kifungu cha 47 cha Katiba.

Nikiri pia jambo moja: sista aliyeachwa peke yake usiku na wodi iliyojaa anaweza kukosea huku leseni yake ni safi kabisa. Hilo ni suala la ajira na bajeti.

Nitamtambuaje mwenye leseni?

Si kwa koti jeupe, hilo linauzwa. Tazama beji, kisha sema kwa upole: "Sista, naomba jina na nambari yako niandike kwa kitabu cha mtoto." Mwenye leseni hakasiriki, au hapaswi kukasirika. Nambari hiyo itafute kwenye rejista ya Baraza mtandaoni. Mwanafunzi anaruhusiwa kukuhudumia, mradi msimamizi wake yupo. Mhamasishaji wa afya anayepita vijijini ana kazi yake halali, ila si muuguzi. Na kama mtu anavuja damu, mwacheni atibiwe; mambo ya leseni yatasubiri.

Nikigundua hana leseni?

Mpeleke mgonjwa hospitali kwanza. Chupa ya dawa, pakiti na risiti usitupe. Daktari atataka kujua alichopewa, na baadaye huo ni ushahidi. Kisha piga ripoti polisi, na uarifu ofisi ya afya ya kaunti na Baraza. Sheria ya Afya ya 2017 inampa kila mtu haki ya kulalamika kuhusu alivyohudumiwa kituoni na lalamiko lake lichunguzwe, na utaratibu wa kulalamika unatakiwa kubandikwa mahali unapoonekana. Usipouona ukutani, uulizie.

Bunge litanisikiliza mimi wa mtaa wa Nyalenda?

Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi, na Kifungu cha 120 kinataja Kiswahili kati ya lugha zake rasmi. Kwa hiyo maoni kuhusu mswada yanaweza kuandikwa hivihivi tunavyozungumza. Wala si lazima uwe wakili: andika mtoto alidungwa wapi, na nani, alijitambulisha vipi, na ungependa ungekuwa umeonyeshwa nini kabla ya kumvua nguo.