Strimu ya Sauti: Soma Kilobiti Kabla ya Jina la Faili

Mawaidha ya saa moja yakirushwa moja kwa moja kutoka msikiti wa Mvita yanaweza kumla msikilizaji wa Likoni megabaiti 58 za bando, au 11 tu, ingawa msemaji ni yule yule na maneno ni yale yale. Tofauti iko katika kilobiti zinazotumwa kila sekunde. Zizidishe kwa 0.45, utapata megabaiti za saa nzima: strimu (sauti inayorushwa mtandaoni) ya kilobiti 128 hula 57.6, ya 64 hula 28.8, ya 24 hula 10.8.

Sauti isiyobanwa, kama ya CD, hupimwa mara 44,100 kwa sekunde kila upande wa stereo, na hufikia kilobiti 1,411. Hiyo ndiyo WAV ya kawaida, takriban megabaiti 635 kwa saa. FLAC huibana bila kupoteza chochote, mara nyingi hadi karibu nusu, kwa hivyo inafaa kuwekea akiba. Kodeki za kurushia, yaani mbinu za kubana sauti, hutupa kile ambacho sikio halingekisikia: dumbaki ikilia kwa kishindo, mlio mdogo ulio karibu nayo humezwa, basi hautumwi.

MP3, iliyopewa jina hilo la faili Ujerumani mwaka 1995, huchezwa na karibu kila kifaa, hata redio ya matatu kuukuu. Udhaifu wake huonekana ukiibana mno. Taarabu ya Mombasa ikirushwa kwa stereo ya kilobiti 48, nyuzi za tashkota husikika kama zinapigwa ndani ya maji. Kwa muziki wa MP3 usishuke chini ya 128. Kwa hotuba, 64 za mono (sauti ya njia moja) zinatosha. Kumrusha msemaji mmoja kwa stereo ni kugawa kilobiti mara mbili bila faida.

AAC, kodeki nyingine, hufanya vizuri zaidi kwa kilobiti hizo hizo. Ndugu yake HE-AAC hutuma sauti za chini pamoja na maelekezo ya kuziunda upya zile za juu, kwa hivyo 48 zake zinasikilizika. Kifaa kisichoyajua maelekezo hayo hucheza sehemu ya chini peke yake, na sauti hutoka kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Msikilizaji akilalamika hivyo, usilaumu maikrofoni kwanza. Opus, iliyosanifishwa mwaka 2012, ndiyo bingwa wa usemi: 24 za mono hueleweka vyema. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp pia ni Opus, ndani ya kasha la Ogg, yaani aina ya faili inayobeba sauti iliyokwisha kubanwa.

Kasha si kodeki. M4A, Ogg na WebM ni makasha tu. Kubadilisha herufi za mwisho za jina hakubadilishi kilichomo. Wala MP3 ya 128 ukiigeuza kuwa ya 320 haipati uzuri mpya. Inanenepa tu, na kila ugeuzaji huongeza dosari.

Kuna na faili za M3U na PLS. Watu huzipakua wakidhani wamepata kaswida, kumbe ni maandishi mafupi yenye anwani ya strimu. Ukiona faili ina baiti mia moja hivi, ifungue kwa programu ya maandishi uione anwani yenyewe. M3U8 ni ya HLS, mfumo wa Apple wa mwaka 2009, unaokata sauti vipande vya sekunde chache na kuiruhusu simu kushuka ubora mawimbi yakififia, tuseme katikati ya kivuko. Gharama yake ni kuchelewa, pengine nusu dakika. Anayefuturu kwa adhana ya strimu hufuturu amechelewa, afadhali kuliko mapema.

Kwa anayerusha: wasikilizaji 200 wa kilobiti 64 ni kilobiti 12,800 kila sekunde. Usiibebeshe intaneti ya madrasa au kanisa mzigo huo. Tuma strimu moja kwenye seva, nayo iwagawie. Kasi yako ya kupakia iwe angalau mara mbili ya strimu, na kompyuta iunganishwe kwa waya. Wai-fai ikiyumba sekunde mbili, wasikilizaji wenye bafa fupi (akiba ya sauti inayosubiri kuchezwa) hukatikiwa wote kwa pamoja.