Je, wajua kwa nini mwandishi anakamatwa kwa alichoandika halafu mahakamani anasomewa mashtaka ya kodi?

Tarehe 29 Julai 2019 watu waliovaa kiraia walifika nyumbani kwa mwandishi Erick Kabendera, Dar es Salaam, wakaondoka naye. Mwanzoni polisi wakasema wanamhoji kuhusu uraia wake. Siku chache mbele hadithi ikageuka, ikawa uchochezi, eti kuna makala ya jarida la The Economist la Uingereza iliyomsema Rais Magufuli. Halafu tarehe 5 Agosti akapandishwa mahakama ya hakimu mkazi ya Kisutu, na pale hakuna aliyetaja uraia wala makala, akasomewa kujihusisha na genge la uhalifu, kukwepa kodi ya shilingi milioni 173 na ushee, na kutakatisha fedha, milioni 173 zilezile.

Wiki moja, tuhuma tatu tofauti kabisa. Watu wengi walicheka tu wakasema polisi wamechanganyikiwa, ila mimi naona hiyo ya mwisho haikuwa bahati mbaya hata kidogo, maana ndiyo iliyokuwa inafunga mlango.

Dhamana. Ukishtakiwa kwa uchochezi unaweza kuomba dhamana, wadhamini wako wakaja na barua zao za serikali ya mtaa, jioni unalala kwako na kesho unaandika tena. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania, kifungu cha 148(5), ina orodha ya makosa yasiyo na dhamana, mauaji yamo, uhaini umo, unyang'anyi wa kutumia silaha umo, na utakatishaji fedha nao umo humohumo. Yaani mtu anayedaiwa kodi akiongezewa neno "utakatishaji" anahamia benchi moja na mtuhumiwa wa mauaji.

Na kuliongeza hilo neno ni rahisi kuliko unavyofikiria. Utakatishaji unahitaji kosa la kwanza lililozaa hizo hela, basi wanasema kosa la kwanza ni kukwepa kodi, ile kodi ambayo hukulipa ikabaki mfukoni mwako ni hela haramu, ukaitumia, tayari umetakatisha. Ndiyo maana kiasi kinafanana hadi senti. Kwa kawaida ukidaiwa kodi unaletewa makadirio, hukubaliani nayo unaweka pingamizi ndani ya siku 30, ukishindwa unaenda Bodi ya Rufani za Kodi, mnabishana kwa makaratasi na unarudi kwako kula ugali. Na tuwe wakweli, mwandishi wa kujitegemea anayelipwa na magazeti ya nje, hela inaingia benki leo laki tano mwezi ujao milioni, hana mhasibu, ukimpekua miaka minne nyuma utakosa kweli cha kuandika kwenye faili? Hata fundi wangu wa nguo ukimpekua hivyo hatoki.

Kuna kitu kingine ambacho asiyewahi kukanyaga Kisutu anaweza asikijue. Kesi ya uhujumu uchumi, kama hii ya Kabendera, ikifunguliwa pale mshtakiwa anaambiwa hatakiwi kujibu chochote, kwa sababu mahakama ya hakimu mkazi haina mamlaka ya kuisikiliza, wenye mamlaka ni Mahakama Kuu, na huko haiendi mpaka upelelezi ukamilike. Kwa hiyo unakaa gereza la Segerea, kila baada ya wiki mbili unapakiwa kwenye basi la magereza unaletwa, wakili wa serikali anasimama anasema upelelezi haujakamilika, hakimu anapanga tarehe nyingine, unarudishwa. Hujakana wala hujakiri. Hakuna shahidi hata mmoja aliyefungua mdomo. Kesi ya Kabendera iliahirishwa zaidi ya mara kumi kwa mtindo huo, katikati yake mawakili wake wakaiambia mahakama kwamba anapumua kwa shida na mguu umekufa ganzi, na Desemba 31 mama yake akafariki, akaomba ruhusa akamuage tu mzazi wake hapohapo Dar, hakuipata.

Sasa kwa nini wasishikilie uchochezi wenyewe? Hapa ni mawazo yangu, ila ukiangalia tarehe utaona kitu. Desemba 2014 Mahakama ya Afrika, ile iliyopo Arusha, ilisema kwenye kesi ya Konaté wa Burkina Faso kwamba kumfunga mtu jela kwa kashfa kunavunja uhuru wake wa kujieleza. Mei 2015 Mahakama ya Afrika Mashariki ikaikosoa sheria ya habari ya Burundi. Februari 2017 Mahakama Kuu ya Kenya ikafuta kosa la jinai la kashfa. Machi 2019, miezi minne tu kabla Kabendera hajachukuliwa, Mahakama ya Afrika Mashariki tena ikasema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya 2016, vikiwemo vya uchochezi, vinakiuka mkataba wa jumuiya. Ukimshtaki mtu kwa maneno, kesho upo Arusha unajieleza. Ukimshtaki kwa hela, nani atakuuliza?

Tena mtaani hela inaharibu jina vibaya sana. Mwandishi akifungwa kwa makala watu wanamwita shujaa, akitajwa na milioni 173 utasikia "kumbe na yeye mpigaji", na yule aliyekuwa anataka kumtetea anaingiwa na kigugumizi.

Mchezo huu haukuzaliwa Bongo. Azerbaijan kulikuwa na Khadija Ismayilova, mwandishi aliyekuwa anachimba biashara za familia ya Rais Aliyev. Desemba 2014 alikamatwa kwa tuhuma za kumsukuma mwenzake ajiue, kisha yakaja mashtaka ya ubadhirifu na kodi, na Septemba 2015 akapigwa miaka saba na nusu, ingawa Mei 2016 mahakama ya juu ikamtoa. Guatemala yupo José Rubén Zamora, mwanzilishi wa gazeti la elPeriódico, naye kosa lake utakatishaji fedha, na amekamatwa tarehe 29 Julai 2022, tarehe ileile ya Kabendera, miaka mitatu tu tofauti. Gazeti lake lilizimika Mei 2023, hukumu ikaja Juni, miaka sita. Yaani gazeti lilitangulia kufa kabla mahakama haijasema kama mwenye gazeti ana kosa. Oktoba mwaka huohuo hukumu yenyewe ikafutwa, lakini gazeti ndo lilishaenda.

Majirani zetu wengine wanapenda zaidi kughushi. Kinshasa mwaka 2023 mwandishi Stanis Bujakera alikamatwa uwanja wa ndege akaambiwa ameghushi waraka wa idara ya usalama, akakaa ndani nusu mwaka, akahukumiwa miezi sita, akatoka siku ya pili yake maana alishaimaliza. Rwanda, Dieudonné Niyonsenga mwenye chaneli ya YouTube alipewa miaka saba, makosa yakiwemo kughushi na kujifanya mwandishi wa habari. Kujifanya mwandishi! Mtu ana kamera, anahoji watu, anarusha habari.

Ukitaka kuona dhamana inabadilisha nini, mwangalie mwandishi Maria Ressa wa Ufilipino. Naye alibebeshwa kesi za kodi kuanzia 2018, nyingi tu, pamoja na kesi ya kashfa ya mtandaoni ambayo alikutwa na hatia 2020, lakini yeye alikuwa analipa dhamana anatoka anarudi ofisini kwake Rappler, tovuti yake ya habari, 2021 akapewa Nobel ya Amani, na kesi za kodi zikasikilizwa mpaka mwisho. Januari 2023 akashinda nne, Septemba akashinda ya tano. Zilipofika kwenye ushahidi hazikusimama.

Ya Kabendera haikufika huko. Septemba 2019 Rais Magufuli alitangaza kwamba watuhumiwa wa uhujumu uchumi wakikiri na kurudisha hela wasamehewe, na sheria ya kukiri kwa makubaliano na Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) ikaanza kutumika. Ukishakaa mahabusu miezi na huoni kesi inaanza lini, mlango pekee ulio wazi ni huo, na ufunguo wake ni neno "nakiri". Tarehe 24 Februari 2020 alikiri kukwepa kodi na kutakatisha fedha, shtaka la genge likaondolewa, akatakiwa kulipa ile milioni 173 ya kodi na milioni 100 za utakatishaji.

Kwa kosa lenyewe la kukwepa kodi, adhabu aliyopewa ilikuwa faini ya shilingi 250,000 au jela miezi mitatu. Siku hiyo alikuwa ameshakaa ndani siku 210.