Fedha za Korosho Zimehamia Kwenye Simu, Wezi Nao Wamehamia Huko

Minada ya korosho ikianza mwezi wa 10, malalamiko katika vituo vyetu vya polisi Mtwara na Lindi hubadilika. Zamani mkulima alilipwa taslimu, na kazi yetu ilikuwa kuwasaka waliomvizia njiani au kumvunjia nyumba usiku. Leo malipo yanaingia benki, yanahamishiwa kwenye simu, na mwizi anayafuata hukohuko. Anaweza kuwa hajawahi kukanyaga Tandahimba wala Liwale.

Simu inalia muda mfupi baada ya malipo kutoka. "Shikamoo mzee. Napiga kutoka benki, malipo yako ya korosho yamekwama. Kuna namba zimeingia kwenye ujumbe, hebu nisomee." Mzee anamwita mjukuu, mjukuu anasoma, na akaunti inabaki tupu. Benki haiulizi namba ya siri kwa simu. Chama cha msingi cha ushirika hakiulizi. Polisi hatuulizi.

Ukishatapeliwa, piga kwanza huduma kwa wateja wa mtandao wako au benki yako, omba muamala uzuiwe. Kisha fika kituoni siku hiyohiyo. Njoo na simu yenyewe, kitambulisho, na ujumbe wote ukiwa haujafutwa. Wengi hufuta kwa hasira, halafu wanatutaka tuoteshe ushahidi. Utaandikwa maelezo, usomewe tena kabla hujasaini, kwa kuwa ndiyo yatakayosomwa mahakamani. Utapewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo, jalada litafunguliwa na mpelelezi atapangwa. Mpelelezi ndiye atakayeandika barua kwa kampuni ya simu kuomba taarifa za laini iliyotumika. Hatua hiyo huchukua muda, na kumpigia mkuu wa kituo kila asubuhi hakuifupishi. Hata kama hukuibiwa, namba ya tapeli itume kwenda 15040 ili ifungiwe.

Kuna jambo linalowaponza watu wasio na hatia. Kwenye meza za kusajili laini sokoni unaweka kidole, msajili anasema "haijakubali, rudia." Kidole cha pili kinaweza kusajili laini nyingine kwa jina lako, na laini hiyo ikitumika kutapeli, uchunguzi utaanzia kwako. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, peleka taarifa kwa kampuni husika ifungwe.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaweka adhabu ya udanganyifu wa kutumia kompyuta, na simu imo, kuwa faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Kijana anayekodisha laini yake kwa elfu chache aijue adhabu hiyo kabla hajaitoa.

Sasa dhamana. Mtuhumiwa akionekana mtaani, maneno yanaanza: polisi wamekula. Ndugu wananchi, hili tunalieleza kila msimu. Dhamana ni haki kwa makosa yanayodhaminika, na aliyekamatwa anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au adhaminiwe. Kutoka kwake hakufungi jalada. Wapo waliokasirika wakamfuata mtuhumiwa nyumbani na fimbo. Akifa, wao ndio wanaoshtakiwa kwa mauaji, na mauaji hayana dhamana.

Dhamana ni bure. RB ni bure. PF3, fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali, ni bure. Askari akikudai hela, mwone mkuu wa kituo au mkuu wa polisi wa wilaya, au piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113. Hatumkingi askari wa aina hiyo, maana ndiye anayemfanya mama wa kijijini akae na tatizo lake ndani mpaka ushahidi upotee.

Kata ina mkaguzi wake wa polisi. Wengi mnamfahamu kwa sura tu, mnampita barabarani kama mgeni. Mwombeni namba yake. Na viongozi wa vyama vya msingi, mkutano wa wanachama kabla ya malipo ya kwanza mwiteni azungumze, ajenda ya utapeli iwekwe mwanzoni, wazee wakiwa bado hawajachoka.